Mtaro wa Bi Gunvor

Tord Hellqvist alikuwa akinywa kahawa kwenye kituo cha mafuta, njia ya kwenda mji wa Hagfors, alipomsikia bibi mmoja akimlalamikia muuzaji. Waya wa mtandao ulifika kanisani mwaka juzi, ukagoma kwenda mbele. Kila akipiga simu kwenye kampuni anaambiwa asubiri kidogo. Kijiji kizima kinasubiri kidogo.

Tord akaweka kikombe chini taratibu. Hakuna watu aliowapenda kama watu waliochoka kusubiri.

Kesho yake akabisha hodi kwa bibi yule, Gunvor Åslund, akiwa na kizibao cha manjano alichopewa siku alipoegesha magari ya watu kwenye tamasha, akasahau kukirudisha, kama alivyosahau vitu vingine vingi vya watu. Akajitambulisha kuwa ni mhandisi wa Kitengo cha Wateja Waliosahaulika. Kwa huzuni ya mchungaji mazikoni akaeleza kwamba foleni ni ndefu, ila mteja mwenye moyo wa kutoa husogezwa mbele.

Gunvor akasema pesa hana. Akampeleka bandani, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na gari, Volvo Amazon nyekundu, ya zamani, inang'aa kama imetoka kiwandani jana. Tord aliwajua watu Stockholm ambao wangeuza nyumba ya mama yao waipate.

"Siku mtaro wa kulaza waya ukifika ukutani kwangu," Gunvor akasema, "gari hili halilali tena hapa."

"Mtaro tu, mama?"

"Mtaro tu, mwanangu."

Tord alidhani atakwaruza udongo kidogo, apewe ufunguo, jioni awe mbali. Lakini ardhi ya mkoa wa Värmland ukiifunua kidogo tu ni mawe matupu, na Gunvor alikuwa ameweka kiti pembeni, na chupa ya kahawa, na mikate ya mdalasini, akisahihisha: hapo pamepinda, pale bado kina. Kila Tord alipotupa sululu na kukumbuka mkutano wa dharura, bibi alimkaribisha apumzike garini, nyuma ya usukani. Alinusa ngozi ya viti, akapapasa gia, akarudi kuchimba. Viganja vikajaa malengelenge. Alijihurumia, na papo hapo akajisifu: mjanja gani mwingine angejitesa hivi ili kumwingiza mjini ajuza mmoja?

Siku mtaro ulipogusa ukuta, gari la kampuni likaingia uani. La kweli. Tord hakuwahi hata kuvua kizibao. Fundi akaukagua mtaro mwanzo hadi mwisho, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Tulimwambia bibi tangu Aprili, akichimba upande wake tunaleta waya mara moja," akamwambia Tord. "Akasema mgongo haumruhusu. Wewe ni mwanawe?"

"Ni mhandisi," Gunvor akajibu, akimimina kahawa.

Wakati waya unalazwa, mzee mwenye kofia akashuka kwenye basi, akatoa ufunguo mfukoni mwake, akalitoa gari bandani. Alikuwa Evert, kaka yake Gunvor. Aliliegesha pale akingoja banda lake liezekwe. Tord akasimama mbele ya gari.

"Mama, tulikubaliana."

"Nilisema halilali hapa. Ndiyo hivyo linaondoka."

"Nitakushtaki."

"Nenda polisi. Waambie unatoka kitengo gani."

Tord akalipisha gari. Akaomba angalau apewe lifti hadi mjini. Evert akaitazama suruali yake iliyojaa tope, akavitazama viti, akapandisha kioo.

Akashika njia kwa miguu. Kwenye lango la jirani alisimama mwanamume mpana, Bertil Norling, mikono kifuani.

"Wewe ndiye mhandisi wa kampuni?"

Tord alikuwa amechoka kiasi kwamba uongo haukumjia. "Hapana, bwana," akasema. "Mimi ni tapeli tu."

"Najua, Gunvor ametuambia sote," Bertil akasema, akafungua lango. "Koleo liko pale. Kwangu ni hadi kule kwenye misonobari."