Mita Nne za Mafuta

Jumatatu, 6 Februari
Baridi nyuzi thelathini chini ya sifuri. Bosi Darlene katuita ofisini, mimi na Wendell, anayeendesha kisima jirani na changu. Kampuni itachimba tawi la kulala, yaani shimo la mlalo litokalo kisimani, lipite ndani ya tabaka la mafuta na kukamua zaidi. Litapewa kisima kimoja tu, changu au chake: chenye mafuta mengi na maji machache. Kitakachoshindwa kinafungwa Ijumaa, na mwenye nacho anahamishiwa kambini kaskazini. Mke wangu Marcy kashasema: yeye hapa mjini Lloydminster habanduki. Nikihamishwa, nahama peke yangu. Baada ya miaka ishirini na sita ya ndoa!

Bosi kaonya tuendeshe pampu polepole. Mafuta ni mita nne tu, mazito kama lami, na chini yake maji. Ukivuta kwa pupa, maji yanapanda. Nikaitikia kwa adabu. Wendell anavuta polepole mwaka wa tisa huu. Mzembe.

Jumanne, 7 Februari
Nimeongeza mwendo wa pampu. Kidogo tu. Mafuta yamezidi! Wendell kaniuliza kwenye kahawa kisima changu kimekunywa nini. Nikamwambia wivu hautamfaa.

Jumatano, 8 Februari
Nimeongeza tena. Mapipa arobaini! Marcy kapika pierogi, zile kama sambusa za kuchemsha, nimekula kumi na saba. Akasema mtaka yote hukosa yote. Anajua nini kuhusu visima? Kweli, baba yake alikuwa mchimba visima, lakini hilo ni jambo jingine.

Alhamisi, 9 Februari
Maji. Maji matupu! Nimepunguza mwendo, wapi! Mafuta yamegoma.

Kesho bosi anapima chupa zetu za sampuli, aone mafuta kiasi gani na maji kiasi gani. Nimechota mafuta mazuri tangini, yaliyokwisha kutuama, nikajaza yangu. Halafu nikashtuka: mafuta ya huku hutoka na mchanga siku zote. Chupa isiyo na mchanga itanisaliti! Bahati nzuri, nyuma ya gari ipo ndoo ya mchanga wa kumwaga kwenye barafu gari lisiteleze. Nikatia viganja viwili. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina kipara, lakini ninazo.

Ijumaa, 10 Februari
Bosi kaizungusha chupa kwenye mashine, mchanga ukatuama. Akaingiza kibano, akatoa kijiwe kikubwa kama njegere. Akauliza, kwa upole kabisa, kimepitaje kwenye pampu na bomba la mita mia tano. Nikasema labda kilijibana. Wendell akacheka mpaka akakaa chini. Eti, mzee, si ungetia na theluji kabisa!

Kisima changu kimefungwa.

Marcy hakufoka. Alinipakia soksi, akaenda kulala. Bora angenitukana. Nimelia ndani ya gari, injini ikiwaka.

Jumatatu, 13 Februari
Kambini. Chumba kina kitanda na dirisha linalotazama tangi.

Huku mafuta yanalainishwa kwa mvuke. Unaupuliza kisimani, unafunga siku kumi joto lipenye, ndipo unafungua. Msimamizi kanikariria mara tatu: siku kumi, si chini. Nimemwuliza mwenye mafuta mengi anapata nini. Kasema huenda akarudishwa mjini mapema.

Siku kumi! Kwani tunachemsha mawe?

Nimempigia Marcy, nikamwambia aniwekee chakula wiki ijayo. Akauliza nimefanya nini tena. Nikasema bado sijafanya kitu.

Mvuke umeingia leo. Nafungua keshokutwa, Jumatano.