Lumina ya Kumpeleka Gracieuse

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Kikao cha kamati ya harusi. Hapa kwetu South Beach, Durban, ghorofa ya kumi na nne. Lifti imekufa tangu Ijumaa, kwa hiyo wajumbe wote wamefika bila pumzi. Vizuri! Mtu asiye na pumzi habishi. Nikasimama, nikatangaza: Gracieuse, mtoto wa marehemu dada yangu, atakwenda kanisani ndani ya gari langu, Chevrolet Lumina, na Lumina ndiyo itaongoza msafara. Mimi ndiye mjomba. Mbuzi ya mjomba kwenye mahari nilikula mimi, na kichwa chake, na supu. Nani mwingine?

Makofi machache. Halafu mke wangu Félicité, katibu wa kamati, akainua kalamu. Akaniuliza: Papa Cathy, ni ile Lumina iliyolala siku mbili kwenye robot, zile taa za barabarani, kule mtaa wa Point? Vicheko! Nikawaambia ilikuwa inapumzika. Vitu vikubwa hupumzika.

Hapo Mkenya Zephaniah, jirani wa ghorofa ya tisa, mwalimu wa fizikia chuo kikuu, akasema kwa sauti yake ya maktaba kwamba gari lake, Falcon, liko tayari, mzee, likihitajika. Nyoka! Lumina na Falcon zote zilizaliwa Australia, lakini zinapendana kama wake wenza. Yangu ina silinda nane, yake sita na turbo. Hajabadilisha kitu hata kimoja. Anaipangusa tu, kama sahani za wageni.

Uamuzi: Alhamisi ya wiki ijayo kamati itaikagua Lumina. Ikianguka, Gracieuse anapanda Falcon. Mimi nitafuata nyuma ndani ya taxi, nimekumbatia makreti ya Fanta.

Haitatokea. Nimeapa.

Jumanne, 2 Septemba

Nimeshuka asubuhi kuitazama tu. Lumina SS ya 2005. Lita tano nukta saba! Niliiwasha, nikaweka mkono juu ya boneti, nikaisikia kwenye meno. Mungu aliumba simba, akaona haitoshi, akawapa Waaustralia akili.

Saa tatu nzima nimekaa ndani na simu, nachagua vifaa. Dunia ina vitu! Kamshafti, springi, ekzosi, chujio za hewa zenye umbo la uyoga. Na tangu mwezi wa saba nimegundua jambo ambalo mainjinia wanatuficha. Gari hii ina majina matatu. Kwao Australia inaitwa Holden. Huku kwetu Chevrolet. Amerika walimuuza ndugu yake wa milango miwili kwa jina la Pontiac. Injini ile ile! Nilishika kichwa. Kumbe nayo ni mkimbizi kama sisi. Majina matatu kwenye karatasi tatu, na mtu ni mmoja. Nani kati yetu hajui mambo hayo? Mimi mwenyewe kule kambini nilikuwa na tarehe tatu za kuzaliwa, na nilizaliwa mara zote tatu.

Ndiyo maana mwezi ule ule nilimwambia binamu yangu Innocent, aliye Dallas, anitumie mabomba ya ekzosi ya Pontiac. Aliuliza mara mbili kama nimepima. Nikamjibu ndugu hapimwi, anatambuliwa kwa sura. Boksi linafika keshokutwa. Félicité anadhani ni zawadi ya harusi. Na ni zawadi ya harusi.

Alhamisi, 4 Septemba

Isipingo, gereji ya Jacques, nyuma ya stendi ya taxi. Jacques ni mtu wa Lubumbashi, fundi mzuri, ila anaongea kama daktari mwenye habari mbaya.

Tumefungua boksi. Mabomba nane! Manne kila upande, yamepinda kama vidole vya mpiga kinanda, yanang'aa mpaka niliona uso wangu mara nane, na kila uso ulikuwa mzuri. Madereva wa taxi waliacha kuita abiria. Mmoja alivua kofia.

Upande wa kushoto yaliingia kama mguu kwenye soksi. Upande wa kulia Jacques alikaa chini ya gari muda mrefu. Akatoka, akapangusa mikono kidole kimoja kimoja. Akauliza: Tonton (huyu naye ananiita mjomba), Amerika usukani uko upande gani? Nikasema swali gani hilo, kushoto, kama kwetu Congo. Akauliza: na wa Lumina yako?

Nikalala chini ya gari, nikatazama mwenyewe.

Shafti ya usukani wangu inashuka upande wa kulia, pale pale bomba la Mmarekani linapotaka kupita. Hapaingii hata karatasi. Miaka kumi na saba niko Durban, na kichwa changu bado kinaendesha Bukavu! Kila asubuhi nafungua mlango wa abiria kwanza, nakaa, natafuta usukani. Félicité ameshazoea, ananingoja upande wa pili. Jacques akasema damu ni moja, tonton, lakini huyu alilelewa nyumba nyingine. Gereji yote ilicheka. Hata yule wa kofia. Aliirudisha kichwani ili aivue tena.

Ijumaa, 5 Septemba

Usingizi haukuja, ila akili ilikuja. Tufunge la kushoto tu! Kulia libaki lile la kiwandani. Jacques akasema injini itapumua kwa pua moja. Nikamwambia mimi nikiwa na mafua natembea. Halafu tukatoa sailensa zote mbili, ili sauti isipate kizuizi njiani.

Saa tano na robo niliwasha.

Mama yangu! Nimesikia mizinga katika maisha yangu, nimesikia volkano ya Goma, lakini hii! Njiwa wote wa stendi waliruka. Magari matatu yalianza kulia alamu. Mama anayechoma mahindi alikumbatia jiko lake. Upande wa kushoto unaimba kama kwaya ya Pasaka, upande wa kulia unakohoa kama mzee aliyeshindwa kesi. Nilitoa machozi, sioni aibu kuandika. Nikamwambia Jacques maneno mazito kuhusu uumbaji. Alitoa pamba masikioni, akauliza nimesema nini.

Jumapili, 7 Septemba

Baada ya ibada Zephaniah akaja pale nilipoegesha. Akazunguka gari polepole, mikono nyuma, kama anasahihisha mtihani. Akasema: mzee, kwa gari la umri huu, kwanza breki. Halafu matairi mazuri. Halafu zile raba za chini zilizochoka. Halafu upoozaji wa injini. Nguvu ni mwisho.

Nikamwambia breki ni za watu wanaotaka kusimama. Mimi naenda mbele. Pale Bukavu niliendesha lori la bia kinyumenyume, kupanda mlima, bila breki hata moja, na kanali aliyeniona alilia. Zephaniah akauliza kama kanali alikuwa ndani ya lori. Watu wakacheka. Sikuelewa kwa nini.

Falcon yake ilipoondoka sikusikia kitu. Kitu! Kama friji linaondoka. Gari gani hilo la harusi?

Jumanne, 9 Septemba

Lumina imesimama juu mno. Kama mwanamke anayeruka dimbwi. Nimeamua ishuke chini. Jacques akaeleza mambo mengi: nunua springi fupi zilizotengenezwa fupi, ngumu, na shokabzoba za kulingana nazo. Ukikata ya kawaida unapata springi fupi isiyoweza kubeba watu. Pia, tonton, pima urefu watu wakiwa ndani.

Nikamwambia watu si sehemu ya gari.

Akakataa kukata. Akaenda kununua mkate. Nikashika grainda mwenyewe. Mizunguko miwili kila springi, mbele na nyuma, kwa macho tu. Kupima ni kazi ya fundi cherehani. Jacques aliporudi, Lumina ilikuwa imelala barabarani kama chui anayenyatia swala. Hata yeye alisahau kutafuna. Nikamuuliza: umewahi kuona uzuri kama huu? Akasema hapana, hajawahi, na kwamba niandike kwenye karatasi kuwa si yeye aliyekata.

Alhamisi, 11 Septemba

Ukaguzi! Félicité alikuja na daftari. Zephaniah alikuja na uso. Wakasema nizunguke barabara ya ufukweni peke yangu. Gari tupu, lami laini kama siagi. Lumina iliteleza. Watu wa roshani walitoka kutazama, wengine na taulo. Kwenye robot askari polisi alinitazama, akatazama gari, akafanya ishara ya msalaba. Félicité alizunguka mara mbili, akafunga daftari, akasema sharp, safi, imepita. Lakini macho yake yalibaki kwenye magurudumu.

Gracieuse alishuka baadaye, akaomba kukaa ndani kidogo. Anajua kelele zangu, hakuwa na neno la kukosoa. Akaniuliza kama nakumbuka lori la makaa. Nakumbuka! Alikuwa na miaka sita. Dada yangu tulikuwa tumemzika juzi yake. Siku mbili tulilala chini ya turubai, na nilimwambia asikohoe, asilie, asipumue kwa sauti. Hakukohoa. Mtoto wa miaka sita, makaa puani, hakukohoa! Nilipomshusha ng'ambo ya mpaka nilimwahidi kwamba siku moja atapita katikati ya mji ndani ya gari, na mji mzima utamsikia.

Akauliza kama ni hii. Nikamwambia ndiyo, mama, ndiyo hii.

Leo siandiki tena.

Jumamosi, 13 Septemba

Siku yenyewe. Naandika nikiwa na soksi tu.

Gracieuse alishuka ghorofa zote kumi na nne kwa ngazi. Gauni lilifika chini dakika tatu baada yake. Tukamkalisha mbele, kushoto kwangu. Nyuma wakaingia Félicité na wasimamizi wawili, Doris na Aurélie, wanawake ambao Mungu hakuwanyima kitu. Nikasikia Lumina inashusha pumzi. Nikadhani ni heshima.

Nikawasha. South Beach ilisimama! Magari kumi na moja nyuma yetu, taa zinawaka, honi zote, na hakuna aliyesikia honi hata moja. Lumina ilizimeza. Watu walitoka madukani. Kinyozi alitoka na mteja wake nusu kichwa. Gracieuse alipunga mkono kama malkia. Kila shimo dogo lilitupiga mgongoni. Félicité alisema kitu kwa nguvu. Namshukuru Mungu sikukisikia.

Halafu geti la kanisa. Mbele ya geti iko tuta. Si kubwa. Watoto wanalipita na baiskeli. Magurudumu ya mbele yalipanda, yakashuka, na tumbo la Lumina likakaa juu ya tuta kama kuku juu ya mayai. Nikakanyaga mafuta. Moto, moshi, ngurumo za mbinguni, na hakuna safari. Kengele ya kanisa ikapiga. Gracieuse akajaribu mlango wake: tumelala chini kiasi kwamba mlango umegonga ukingo wa njia. Haufunguki, na gauni lile haliwezi kupita upande wangu. Bibi harusi yuko ndani ya chui!

Doris, Aurélie na Félicité walitokea mlango wa kulia, mmoja mmoja, na kila mmoja alipotoka Lumina iliinuka kidole kimoja. Haikutosha. Nikamtazama Gracieuse. Alikuwa ameziba mdomo, hakohoi. Nikajiambia: Apollinaire, umemfungia mtoto wa dada yako tena.

Zephaniah alishuka Falcon. Nikangoja aseme. Akatazama tuta, akarudi kwenye usukani. Papa Steve, baba wa bwana harusi, alikimbia kutoka ndani, akavua koti lake jipya, akalikunja kati ya bampa mbili. Falcon ikasukuma. Polepole, bila sauti, kama mkono wa mama mgongoni. Lumina ikakwaruza, ikalia, ikachomoka! Tukaingia uwanja wa kanisa kwa kishindo, moshi kushoto, kikohozi kulia, vioo vya madirisha vinatetemeka, mchungaji ameshika Biblia kwa mikono miwili.

Gracieuse alikuwa anacheka mpaka machozi yanachora poda. Akashika sikio langu, maana vinginevyo nisingesikia, akapiga kelele: Tonton, wamesikia! Wote wamesikia!

Nikamshika mkono, nikampeleka mpaka mbele. Ezéchiel, mume wake, aliona masizi kwenye pua yangu, akayapangusa.

Iandikwe kwamba tulifika wa kwanza. Falcon ilikuwa nyuma yangu muda wote. Nyuma kabisa. Imegusa.

Jumapili, 14 Septemba

Mwili wote unauma. Félicité amesema nirudishe springi, sailensa, na akili. Zephaniah nilimshukuru, nikampelekea sambusa. Akasema tena, breki kwanza, mzee. Nikakubali kila kitu. Nimejifunza sana wiki hizi mbili, na nimemwambia hivyo.

Mchana wakwe walitualika kwao Chatsworth. Baada ya wali Papa Steve akanivuta pembeni. Akasema jana, alipoiona Lumina inaingia, alielewa kwamba mimi ni mtu wa magari. Akanipeleka gereji. Aliponunua nyumba, alikuta kitu humo, mwenye nyumba wa zamani alikifunika akakiacha. Akavuta turubai.

Nilivua viatu. Sijui kwa nini.

Chevrolet SS ya 1973. Mwili wa Australia, mrefu, mabega mapana, milango miwili, baba mzazi wa kila Lumina duniani! Rangi yake ya chungwa ya kwanza. Viti vyake. Usukani mwembamba kama pete ya ndoa. Injini safi, kila boli palepale ilipowekwa na aliyeitengeneza. Hewa yenyewe ndani ya gereji ile ilikuwa ya zamani. Papa Steve akanong'ona kwamba watu wamekuja kutoka Johannesburg kuitazama tu, wakaondoka kwa kurudi kinyumenyume.

Miaka hamsini na mbili, na hakuna mtu aliyewahi kuibadilisha hata skrubu moja. Maskini! Niliionea huruma.

Nimemwambia Papa Steve asiogope tena. Jumamosi naanza na springi.