Safari Ishirini za Papa Sebarenzi

Jumatatu, 8 Novemba

Msiba Goma. Kampuni yetu ya ndege, Mbawa za Mlima, imebandika tangazo mlangoni. Zamani ukipata Kadi ya Dhahabu, unakuwa nayo mpaka kaburini. Sasa hesabu inarudi sifuri kila mwaka: safari ishirini za Goma na Walikale kabla Novemba haijaisha, ao kadi inakufa. Kwenda ni moja, kurudi ni moja. Mimi niko na kumi na tano.

Bila kadi hakuna kiti cha plastiki kivulini. Hakuna kuitwa wa kwanza. Hakuna kukaa namba moja, nyuma ya rubani. Nitasimama juani na mbuzi za watu.

Théophile wa Sake ni mwuza jibini kama mimi, ila jibini yake inanuka. Yeye iko na safari ishirini na mbili. Alinisomea tangazo polepole, kama katekista.

Jumatano, 10 Novemba

Mushaki, nyumbani. Ng'ombe hawana maziwa, kwa hiyo sina jibini ya kupeleka. Lakini akili ninayo. Binamu yangu Nzabonimpa anaenda harusini Ntoto, kule Walikale. Nimempa karte yangu ya uchaguzi, ile ya kitambulisho, apande ndege kwa jina langu. Picha imefutika, yamebaki masikio tu. Masikio yetu yanafanana.

Bibi yangu Epiphanie, mama ya watoto wangu, akasema jina la muntu haiko koti ya kuazimisha. Nikamjibu kwamba yeye hajawahi kukaa namba moja.

Jumamosi, 13 Novemba

Ujumbe wa kampuni kwenye simu: safari ya kumi na sita imehesabiwa. Nimejificha ndani siku nzima, maana mimi niko Walikale. Ukungu umeshuka mpaka kwenye maharagi. Nimesalimia ng'ombe kupitia dirishani.

Jumanne, 16 Novemba

Ujumbe: kumi na saba. Nimerudi salama, kampuni inanishukuru.

Saa nane Nzabonimpa akafika, amekonda, akanirudishia karte. Aliomba msamaha. Malaria ilimwangusha Sake, akalala kwa dada yake siku tano. Goma hakufika kabisa.

Nilimwuliza mara mbili. Halafu nikamwambia anyamaze. Kama mashine yao imekosea, haiko mimi nitaisahihisha.

Ijumaa, 19 Novemba

Kumi na nane, kumi na tisa. Karte iko mfukoni mwangu. Sijavuka ua.

Théophile alipanda mpaka hapa kwa moto, ile pikipiki yake, mvua ikinyesha. Hakutaka kukaa. Alisema jana alikaa nyuma yangu ndani ya ndege. Alinisalimia, sikujibu. Sikugeuza shingo tangu Goma mpaka Walikale. Shingo ilikuwa na udongo mbichi.

"Sebarenzi, ulikuwa unapumua?" aliniuliza.

Nilimwambia nilikuwa nimechoka. Aliwasha moto yake bila kunigeuzia mgongo. Mara ya kwanza Théophile ananiogopa. Nimekula vizuri.

Jumatatu, 22 Novemba

Nilishuka Goma kufanya safari ya ishirini mimi mwenyewe, kwa usalama. Cindy wa ofisi alinitazama, akatazama listi, akanitazama tena.

"Papa, uliisha ingia ndani ya ndege."

Mlango wa ndege ulikuwa umefungwa. Kwenye dirisha la kwanza alikaa mtu amevaa kofia kama yangu. Chini ya kofia niliona masikio. Katikati ya masikio sikuona kitu, labda kioo kilikuwa na mvuke. Ndege iliruka. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, kivulini.

Jumanne, 23 Novemba

Ndege haikufika. Injini moja ilizimika na rubani akaiteremsha kwenye shamba la mihogo karibu na Ntoto. Wote wazima, Mungu asifiwe. Ila listi ina watu tisa na wamepatikana wanane. Wa tisa ni Sebarenzi. Mkanda wa kiti namba moja ulikuwa bado umefungwa.

Nilirudi Mushaki nikakuta turubai la msiba limesimikwa, wamama wanalia. Epiphanie alinigusa shavu kwa mgongo wa mkono, kama anayepima uji. Hakufurahi. Aliuliza kama ni mimi kweli. Nikasema ni mimi. Akauliza tena.

Ijumaa, 26 Novemba

Mama Nyiransengimana wa Ntoto, mteja wangu wa jibini, alipiga simu, Epiphanie akapokea. Vijana wa kule wananitafuta porini tangu juzi, na mmoja amevunjika mguu. Lakini asubuhi ya pili baada ya ndege kuanguka mtu alipita kwake, akaomba maji, hakuyanywa. Alitaja jina langu. Aliuliza njia ya Mushaki.

Epiphanie alifunga mizigo, akachukua watoto, anaenda kwa mama yake Sake. Aliniomba jambo moja: niende Goma niseme ukweli, jina langu liondolewe kwenye ile listi, watu wapumzike.

Nilimwahidi.

Jumamosi, 27 Novemba

Goma. Cindy alieleza vizuri. Nikikana zile safari, zote tano zinafutwa, na wanapiga simu Ntoto watu waache kutafuta. Nikizikubali, niandike tu kwamba nilitoka porini mwenyewe, salama. Nikauliza kama safari ya ndege iliyoanguka inahesabiwa. Akasema iliruka, kwa hiyo inahesabiwa.

Nilifikiri sana. Karibu dakika nzima. Nikatia sahihi kwamba nilitoka porini.

Jumanne, 30 Novemba

Kadi inang'aa. Nyumba kimya. Epiphanie hapokei simu.

Kampuni imetangaza tena: kuanzia Januari kutakuwa na Kadi ya Almasi. Safari arobaini. Kiti chake kina mto. Mtu mmoja hawezi kuzimaliza.

Saa kumi, ukungu ukiwa mlangoni, mtu alibisha. Alikuwa na udongo mpaka magotini, kofia imeshuka, anapumua kidogo sana. Ng'ombe wote waligeuka wakatazama ukuta.

Nilimkaribisha. Nilimwekea maharagi, hakuyagusa. Alikaa wima, shingo haigeuki, kama bado amefungwa mkanda.

Nimemwuliza kama Januari iko na nafasi.