Jina la Baba Athmani

Leo nimetahayari, wenzangu. Bora myasikie kwangu kabla Zuhura hajawafikia.

Mwajua kliniki hapa Kisauni yatafuta mwanamke wa kukaa mlangoni aite wagonjwa. Kiti chake, mshahara wake. Sharti ajue Kiingereza kidogo, maana uhuru u njiani lakini daktari bado ni Mzungu. Nikasema kiti hicho changu! Nani asiyejua kwamba nayajua majina ya watu wote huku, na ya mama zao, na ya mbuzi wao? (Mbuzi wa Bi Fatuma aitwa Sitaki. Haya.)

Basi mchana Mwalimu Perpetua, msichana wa bara anayetufunza Kiingereza sisi wanawake, na ndiye daktari aliyemwachia kuchagua wa kiti, akatupima somo la majina, yale wanayoyaita "nouns", na aina zake. Akaanza na mimi.

"Jina la mahali?"

"Likoni!"

"La kitu cha kawaida?"

Nikamtajia kapu.

"La kitu kisichoonekana wala kushikika?"

Nikamtajia njaa. Kwa Kiingereza chake, si mchezo!

"Vizuri sana, bibi. La mwisho, jina la mtu. Sema jina la mume wako."

Nikashika kutengeneza buibui langu.

"Bibi?"

"Baba Athmani."

"Huyo Athmani ni mwanawe. Yeye mwenyewe aitwa nani? Umelisahau?"

Kulisahau! Tangu niolewe sijalitia mdomoni. Mke hamtaji mumewe, ndivyo nilivyofunzwa na mamangu, na mama mkwe akanikazia. Hata mjukuu aliyerithi jina hilo namwita Babu, na meno hajamaliza kuota.

"Na akija mgonjwa mwenye jina hilo, utamwitaje?"

"Nitamwambia, 'Wewe mwenye kofia, ingia.'"

Darasa likaangua kicheko. Bi Riziki alicheka hata buibui likamporomoka. Wallahi sikuwa nafanya mzaha!

Mara nyuma yangu mkono ukapanda. Zuhura, mke mwenzangu, aliyeolewa juzi juzi hata hina haijamtoka.

"Mwalimu, mimi namjua. Mume wetu ni mmoja."

Akalitaja. (Mniwie radhi, hapa siliandiki.) Akalitaja lote, na la babake juu yake, kwa sauti ya kunadi samaki. Mwalimu akaliandika ubaoni kwa chaki, akanigeukia. "Waona, bibi? Si kazi."

Kiti kikawa cha Zuhura.

Nikarudi nyumbani mbio, nikijua mwenye jina atawaka moto. Nikamkuta ala mkate wa mofa.

"Baba Athmani, mkeo mdogo amekutaja mbele za watu!"

Hata kutafuna hakuacha. "Mimi ndimi niliyempa ruhusa. Alikuja kuniomba jana, apate kazi."

"Na mimi je?"

"Wewe, bi mkubwa? Wewe una heshima zako. Nitilie chai."

Nikamtilia. (Sukari sikutia.)

Mwalimu akiniuliza tena kitu kisichoonekana wala kushikika, sitasema njaa. Nitasema heshima, maana nimeiweka miaka yote hiyo na leo sijaona nilichoshika.

Na mtu asinicheke. Nyote nawajua kwa majina, na ninyi hamkunioa.