Mama Esteria na Magunia ya Dagaa

Jumatatu, 3 Machi 2025

Magunia ya dagaa wa Nyasa bado yamejaa sebuleni. Kwaresima inaanza keshokutwa na hakuna anayesimama mezani pangu pale sokoni Majengo! Mvua nayo haikatiki. Meza ya jirani yangu Lidwina ina foleni, na mwenyewe hata haiti wateja. Dagaa ni walewale, ziwa ni lilelile. Nimeumia.

Mke wangu Hilda ametoa tamko. Alivumilia biashara yangu ya kware, akavumilia ya sungura. Dagaa wakiota ukungu, nakwenda Namasakata kupalilia mikorosho ya mjomba wake. Mimi! Valence! Mtu wa mjini!

Abdul fundi simu kanifumbua macho. Wateja wa Lidwina wanamsifu kwenye magrupu ya WhatsApp. Mtandaoni, anasema, muuzaji haaminiki hata akiapa. Anayeaminika ni aliyekula. Basi nahitaji mlaji. Kama hayupo, atatengenezwa.

Jumanne, 4 Machi

Laini yangu ya zamani imefufuka. Sasa ni Mama Esteria, mjane, mgeni hapa mtaani kwetu Msamala. Ameomba kuingia grupu la jumuiya yetu, na katibu, Mzee Athanasi, kamwingiza bila maswali. Kashuhudia kwamba alikuwa hoi kitandani, chakula hakipiti, mpaka alipoonja dagaa wa Valence wa Majengo. Akainuka, akafua! Hilo la kufua limenipendeza sana.

Amina zimemiminika. Wa kuulizia dagaa, hakuna.

Jumatano ya Majivu, 5 Machi

Balaa! Mwenyekiti wetu, Mama Oliva, kaandika kwa uchungu: mjane kaugua peke yake na jumuiya haijakanyaga kwake, ni aibu. Kesho wote tunakwenda kumjulia hali. Mmoja kaahidi unga, mwingine maharage. Lidwina kaahidi kuku! Mama Esteria kaandika haraka kwamba amepona, wasisumbuke. Mama Oliva kajibu kuwa mgonjwa haulizwi. Kisha akapiga. Nikapokea bila kufikiri, nikakohoa kikohozi cha kike. Hilda alikuwa mlangoni, kasikia yote.

Wakijua, nimekwisha. Nani atanunua kitu kwa mtu anayebuni wajane? Naiona mikorosho.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi Mama Esteria kaaga ghafla: mwanawe kaja kumchukua. Nikashusha pumzi. Mapema mno! Mama Oliva kaamua waje kwangu, mimi niliyemuuzia, niwaeleze kaelekea wapi. Wakaja wote wakiimba, kuku kwapani.

Hilda akawapokea. Shikamoo kwa wazee, viti, maji ya kunawa. Akawaambia huyo mama hayupo Msamala, jambo ambalo ni kweli tupu. Akashauri vitu vipelekwe kwa Bibi Kasiana wa nyuma ya nyumba yetu, ambaye ni mjane kweli, anaumwa kweli, na hayumo kwenye grupu lolote. Wakakubali! Mvua ikawazuia, Hilda akasonga ugali na kupika dagaa wa karanga. Matonge yakafuatana. Mama Oliva akaongezwa, akapiga picha sahani, akaituma kwenye magrupu yote aliyomo, hadi la kwaya.

Ijumaa, 7 Machi

Foleni! Kwangu! Gunia la mwisho limekunjwa kabla ya mchana. Lidwina mwenyewe kaja kumuuliza Hilda anawaungaje. Hilda katamka kwamba mikorosho ya mjomba itapaliliwa na wenyewe. Nimecheka peke yangu barabarani, watu wakanipisha. Asante Mungu, nimepona!

Jumamosi, 8 Machi

Wote wanasema ni mkono wa Hilda. Hawajui biashara. Bila Mama Esteria, wangefuata nini kwangu?

Nimeagiza asali ya Namtumbo, madumu kwa madumu. Abdul kaniazima laini nyingine. Baba Jeremia, kiziwi wa siku nyingi, kaonja kijiko kimoja leo, akasikia kengele ya kanisa.

Mama Oliva kashauliza anakaa mtaa gani.