Barua Isiyo na Salamu

Jumatatu, 5 Julai 1976. Kasulu.

Kezia amenipa barua niipeleke posta. Anaomba kazi ya fundi wa pampu kule Kibondo, kwenye mradi wa visima. Nafasi moja tu. Ameshasema akiikosa anaondoka kwenda Mwanza, kiwanda cha pamba kimemwita. Mwanza huko akiugua binti yangu nani atamchemshia uji? Lazima apate Kibondo.

Bahasha haikushika gundi vizuri. Nikaifungua nikasoma, maana kusoma sasa najua, kisomo cha watu wazima nimemaliza mwaka jana na cheti ninacho. Nimeona aibu. Mistari sita. Jina lake, amesomea wapi, pampu gani anaweza kutengeneza, lini anaweza kuanza. Basi. Hakuna hujambo, hakuna habari za nyumbani. Mtoto niliyemlea mwenyewe, anamwendea mtu mkubwa kama anayedai ndoo yake.

Sikuipeleka.

Jumanne, 6 Julai

Nimeandika nyingine. Kurasa tatu. Mkono unauma mpaka begani. Ukurasa wa kwanza nimemsalimia Ndugu Meneja, mke wake, watoto, na ng'ombe kama anao. Nimempa pole kwa waliofariki, maana mtu mzima hakosi msiba. Ukurasa wa pili nimeeleza mvua za Kasulu zilivyokuwa. Kazi nimeitaja ukurasa wa tatu, taratibu, kama inavyotakiwa.

Na sikumsifu mtoto. Kwetu Waha, mtu akikuletea kikapu cha maharage kimejaa mpaka yanamwagika, anakuambia samahani, ni vipunje tu. Akikupa binti umwoe, anasema huyu hata ugali hajui kusonga, mtamfundisha. Anayesifu chake anaonekana hakulelewa. Kwa hiyo nimeandika: mimi Kezia sina ninalolijua, ufundi wangu ni wa kubahatisha, nikishika pampu msiende mbali. Chini nimeweka jina lake, kwani mimi nani hata niandikiane na ofisi. Nimeisoma mara mbili. Machozi yalinilenga.

Posta nimekutana na Mwanaamina wa duka la vitenge. Naye kaleta barua ya mwanawe Abbasi, anaitaka kazi hiyo hiyo. Imepigwa taipu. Alinionyesha bahasha kama vile anaiuza. Akasema Mama Kezia, siku hizi barua za mkono watu wanafungia vitumbua. Nikamwambia ya kwetu ina kurasa tatu. Akairudisha bahasha yake kwapani. Hapo nilimweza.

Alhamisi, 15 Julai

Jibu limekuja. Kezia kasoma kwa sauti: tumepokea barua yako, hatukuielewa, fika Kibondo Jumanne ijayo saa tatu asubuhi ujieleze. Akauliza kitu gani hawakuelewa, mbona aliandika wazi. Nikachukua ufagio nikafagia uwanja. Ulikuwa umeshafagiliwa.

Baadaye Mwanaamina kapita makusudi. Abbasi ameitwa siku hiyo hiyo, ila yeye hakuambiwa ajieleze. Kalisema hilo mara mbili.

Hata hivyo wetu ameitwa. Kwa ile mistari sita angeitwa na nani?

Jumatatu, 19 Julai

Nimemwambia Kezia nitamsindikiza. Kasema hakuna mtu anayekwenda kwenye usaili na mama yake, watadhani ni mgonjwa. Nikakubali. Halafu nikakumbuka nina hamu ya kuliona soko la Kibondo. Tumepanda lori moja, mimi na kikapu changu cha maharage. Kezia kaangalia barabara njia nzima. Aliniuliza mara moja tu, mama hayo maharage ni ya nani. Nikasema ni ya njiani.

Jumanne, 20 Julai. Kibondo.

Nimekaa barazani, chini ya dirisha la ofisi. Hakuna aliyenikataza.

Kaingia Abbasi kwanza. Meneja anaitwa Ndugu Reverien, sauti yake ya upole. Kamwuliza: uko kijijini Munanila, pampu inapigwa lakini maji hayatoki, utaniandikia nini? Abbasi akaanza na umuhimu wa maji tangu zamani. Alipofika kwenye faida za maji safi kwa mama na mtoto, Meneja akamshukuru.

Akaingia Kezia. Swali lile lile. Kasema: ngozi ya ndani imekwisha, nileteeni ngozi mbili na spana kubwa, nitamaliza kwa nusu siku. Nikasikia kalamu ikiandika. Kisha Meneja akasema sasa mimi nashangaa, maana binti aliyeniandikia alisema hana analolijua. Akaanza kusoma. Kasoma yote. Kwenye salamu za ng'ombe akasema, sina ng'ombe.

Kezia kajibu kwa sauti ndogo kwamba ule ni mwandiko wa mama yake. Yeye pampu ametengeneza kumi na moja, na zote zinatoa maji.

Hapo nikashindwa. Majivuno kama yale, mbele ya mkubwa. Nikasimama, nikaingiza kichwa dirishani, nikasema mwakeye baba, habari za asubuhi, msimsikilize huyu, bado mtoto, hizo pampu labda zilipona zenyewe. Nikamsogezea kikapu. Nikasema ni vipunje tu.

Kezia akafunika uso. Lakini Reverien kwao ni Burundi, jirani zetu, desturi zetu anazijua. Akaniitikia vizuri kabisa. Akasema mama, hata ofisi yetu hii si kitu, ni kibanda, na umeneja wangu ni jina tu. Moyo ukatulia, nikaona tumeelewana. Kisha akasema: ila mama, fundi akiniandikia kutoka Munanila kwamba hawezi, hapa sina mtu wa kunifasiria kwamba anaweza. Nataka maneno yafanane na pampu yenyewe ilivyo.

Akanirudishia kikapu, tena kwa mikono miwili.

Tulirudi kwa lori. Tulipokaribia Kasulu ndipo akasema, mama, hata mimi Mwanza siitaki. Nikamwangalia. Vumbi lilikuwa limemjaa kwenye kope. Nilitaka kumfuta, nikaogopa.

Alhamisi, 29 Julai. Kasulu.

Ameipata. Miezi mitatu ya majaribio, anaanza Jumatatu. Barua ya Meneja ina mistari minne bila salamu. Nimemsamehe.

Mwanaamina kaja kutupongeza, kakaa, kanywa chai yangu, kisha kauliza siri ilikuwa nini. Nikamwambia kurasa tatu.

Jumapili, 1 Agosti

Kezia ameondoka leo. Kabla lori halijawashwa alinishika mikono yote miwili akaniapisha nisimwandikie tena Meneja, hata mstari mmoja. Nimeapa, na kwa moyo wote. Mimi si mwongo.

Barua hii namwandikia mke wa Meneja. Nimefika ukurasa wa nne na bado nawasalimia watoto wao. Kezia nitamtaja kesho: kwamba akili hana, nguvu hana, na asitumwe visimani asubuhi na baridi.