Uzi wa Buluu Kooni Mchana wa Ramadhani

Ndugu zangu, leo nimefedheheka. Mchana kweupe, mwezi wa Ramadhani, mbele ya jirani zangu wote, huku uzi wa buluu unaning'inia mdomoni mwangu kama mkia wa panya kinywani mwa paka. Alhamdulillahi kwa kila hali. Nimekwisha futuru, midomo bado ina rangi, nami nawaandikia upesi. Najua habari itapanda garimoshi kesho ije huko kwenu Dar es Salaam, na ni heri muisikie kwangu kabla haijaota pembe.

Kazi yangu mnaijua, ukiacha darsa za msikitini, ni kufuma. Uzi wa mshindio, ule unaokwenda kulia na kurudi kushoto kati ya nyuzi za mtande zilizotandwa kwenye kitanda cha kufumia, hukaa ndani ya kipande cha mti kilichochongwa kama mtumbwi mdogo. Hapa kwetu tunakiita mtumbwi, basi. Ubavuni mwake mna tundu dogo mno. Kila uzi ukiisha unaweka mwingine, na lazima ncha yake itokee pale tunduni. Kwa siku moja unafanya hivyo mpaka unasahau hesabu.

Ziko njia mbili za kuitoa ncha hiyo. Ya kwanza ni mdomo. Unabandika midomo tunduni, unavuta pumzi, fyut! uzi unakuja. Mafundi tunasema kunyonya. Ya pili ni kulabu, waya mwembamba wa shaba wenye ncha iliyopindwa kama ukucha wa paka na mpini wa mpingo usiozidi kidole. Unaichomeka, unanasa uzi, unavuta. Yangu nilirithi kwa fundi aliyenifunza, Mungu amrehemu. Miezi kumi na mmoja nanyonya, maana mdomo una haraka kuliko mkono. Ramadhani natumia kulabu, kwa sababu mfungaji hana ruhusa ya kucheza na mdomo wake.

Leo asubuhi kulabu imevunjika ncha. Tik! Nikaipeleka kwa mhunzi. Akaitazama, akanitazama na mimi.

"Mwalimu, moto na kiu haviendi pamoja. Nitaitengeneza nikifuturu."

Nikasema Inshallah, nikarudi. Lakini kitambaa kilichokuwa kitandani ni cha kilemba cha akida, naye anakitaka kabla ya Idi. (Akida akisema kabla ya Idi, hamaanishi Idi ya mwakani.) Nikajiambia, mzee mzima unajua kunyonya uzi bila kumeza mate yenye rangi. Unavuta, unatema, unafuta. Sheria haijakataza. Nikaanza.

Sasa niwaambie kosa langu la juzi, maana bila hilo hamtaelewa ya leo. Imamu wetu amekwenda Mgeta kwenye msiba wa kaka yake, ameniachia msikiti mpaka arudi. Juzi, nikienda sokoni, nilimwona Bi Zainabu, yule mama wa Kinole anayeshuka na machungwa, mdomo wake unatafuna. Nikamkemea mbele ya watu. Akasema, "Mwalimu, ni mswaki huu." Badala ya kuomba radhi nikaongeza, "Hata kama! Mwenye adabu hufunga kinywa chake." Nikaondoka nikijiona nimefanya ibada. (Nafsi ya mzee ikivaa kilemba haina mtu wa kuivua.)

Basi leo, baada ya adhuhuri, nimo kwenye shimo la kitanda changu, mfumaji anamokaa, mgongo kwa mlango. Nasikia uani:

"Hodi hapa!"

"Karibu, Bi Zainabu. Za mlimani?"

"Njema. Nimeleta machungwa yenu ya futari. Mwalimu yupo?"

"Yupo ndani," akajibu mke wangu.

"Anafanya nini mchana wote huu?"

"Ananyonya."



"Ananyonya?"

"Ananyonya tangu asubuhi. Nimemwambia apumzike, hasikii."

Tazameni mke mwema anavyoweza kummaliza mumewe bila kusema uongo hata mmoja! Yeye ni mke wa mfumaji, kwake neno hilo ni kazi. Bi Zainabu ni mwuza machungwa. Kwake neno hilo ni chungwa.

Nilitaka kusema kitu, lakini midomo ilikuwa tunduni na uzi ulikuwa njiani. Nikasikia miguu. Nikasikia na sauti ya mtani wangu Kibwana, Mzigua anayekaa nyumba ya pili, aliyeumbwa na masikio mawili na ulimi wa watu watatu.

"Mwalimu!" akaita Bi Zainabu mlangoni.

Nikageuka.

Mniwazie. Mashavu yamebonyea kama ya mtoto mchanga. Midomo buluu. Kidevu buluu. Ndevu zangu nyeupe, ambazo nilizichana kwa ajili ya msikiti, zina mstari wa buluu katikati. Huu uzi wa Kidachi wa dukani rangi yake haina adabu, ikiguswa na mate inatoka yote kukusalimu.

"Zambarau!" akapiga ukelele Kibwana. "Jamani njooni! Mluguru kala zambarau mchana!"

Wakaja. Sijui watu hutoka wapi. Ukiita msaada wa kubeba gogo hupati hata mmoja, lakini Kibwana akisema zambarau, baraza linajaa.

"Si zambarau," nikasema. "Ni uzi."

"Tangu lini uzi ukaliwa?" akauliza Kibwana.

"Siuli. Naunyonya."

"Mmesikia kwa kinywa chake!"

Bi Zainabu alikuwa hacheki. Alinitazama taratibu, kapu kichwani. "Mwalimu, juzi uliniambia mwenye adabu hufunga kinywa chake. Mbona chako kimefunguka mpaka kimeingia rangi?"

 

"Na alasiri," akasema Kibwana, "tutasali nyuma ya nani? Nyuma ya zambarau?"

Vijana wakacheka. Lakini wazee wawili waliosimama ukutani hawakucheka. Mmoja akamwambia mwenzake polepole, "Mimi nitasali nyumbani." Mwenzake akaitikia kwa kichwa, wakaanza kuondoka. Hapo ndugu zangu nikaumia. Kuchekwa si kitu, nimechekwa tangu nikiwa chuoni nanyi. Lakini imamu ameniachia msikiti umejaa. Je, akirudi nimkabidhi mikeka mitupu?

"Ngojeni!" nikasema. "Nitawaonyesha."

Nikatoka shimoni, nikachukua mtumbwi, nikaweka uzi mpya, nikasimama barazani mbele ya watu wote. Na hapa shetani, ingawa tunaambiwa mwezi huu amefungwa, nadhani alipata mwanya kwenye mnyororo. Badala ya kuvuta pumzi kidogo, nikataka waone fundi ni nani. Nikavuta pumzi ya miaka sitini.

Fyuuuut!

Uzi ukaja. Ukapita midomo. Ukapita meno, yale yaliyobaki. Ukapita kimio. Nikashtuka, nikavuta pumzi nyingine kwa mshtuko, nao ukaendelea na safari. Mtumbwi ukaniponyoka, ukaanguka, uzi ukakatika. Nikabaki nimesimama, ncha moja nje, nyingine sijui imefika wilaya gani.

"Uvute, Mwalimu!" wakapiga kelele.

Nikatikisa kichwa.

"Basi umeze!"

Nikatikisa kichwa tena.

Wakadhani nimerukwa na akili. Lakini nyinyi mliosoma nami mmekwisha fahamu! Mnakumbuka ile mas-ala ya mfungaji aliyemeza ncha ya uzi? Akiumeza uliobaki, kwa makusudi amekula, saumu imeharibika. Akiuvuta kwa mkono wake, kwa makusudi amejitapisha, saumu imeharibika. Akiuacha vilevile, hawezi kusali, kwa kuwa amefungamana na najisi iliyo tumboni. Siku ile tulicheka hadi mwalimu akatufukuza. Mmoja wenu (simtaji, anajijua) aliuliza, "Jamani, mjinga gani atakayemeza uzi?" Ndugu yangu, nimempata. Anakusalimu.

Dawa yake mnaijua pia. Ni mtu mwingine auchomoe bila amri ya mwenyewe. Basi siwezi kuvuta, siwezi kuomba, siwezi hata kuashiria! Nikasimama kama nguzo ya simu, machozi yananitoka, namwomba Mungu peke yake.

"Kawa kitanda cha kufumia!" akasema Kibwana. "Mshindio umo tumboni. Mwalimu, mtande umeuficha wapi?"

"Nyinyi wanaume," akasema Bi Zainabu, "mtamtazama mpaka afe?"

Akatua kapu. Akaja. Hakuniuliza. Akaushika ule uzi, akauzungusha kidoleni mara mbili kama mtu anayemvuta mbuzi mkaidi, na fyut! Dhiraa nzima ikatoka, imelowa, ya buluu, akainyanyua juu kila mtu akaiona.

"Hizi ndizo zambarau zenu," akawaambia.

"Alhamdulillahi!" nikalia kwa sauti ya jogoo mgonjwa. Kisha nikawaeleza mas-ala yote mwanzo mpaka mwisho, kwa nini sikuvuta na kwa nini sikumeza. Hawajapata kunisikiliza hivyo katika darsa yoyote. Wale wazee wawili walikuwa wamesimama njiani. Wakarudi. Kibwana akataka ushahidi zaidi, akaninusa mdomo mbele ya watu, akatangaza, "Pamba tupu!"

Nikamgeukia Bi Zainabu. "Mama, juzi nilikukosea mbele ya watu. Nakuomba radhi mbele ya watu. Nilikuona unatafuna, sikuuliza. Leo wewe umeniona nanyonya, nawe hukuniacha nife."

 

"Nimesamehe, Mwalimu," akasema. "Lakini siku nyingine uliza kwanza. Midomo ina kazi nyingi."

Ikaadhiniwa alasiri. Nikanawa mara tatu, rangi ikakataa kutoka, nikaenda hivyo hivyo. Ndugu zangu, safu zilijaa! Wale wazee wawili walikuwa safu ya mbele. Bi Zainabu alikuwa nyuma na wanawake. Sijui wangapi walikuja kusali na wangapi kuona ndevu, Mungu ndiye ajuaye nia, mimi nashukuru kwa wote. Kibwana akasimama nyuma yangu hasa, na kabla sijatoa takbira akaninong'oneza, "Mtani, rukuu polepole, usije ukafumuka."

Nilisali kwa shida ya kuzuia kicheko, Mola anisamehe. Na siku ya leo nitailipa baada ya Idi, kwa tahadhari, ingawa naamini imesalimika. Nikipima yote, sijapata siku yenye neema kama hii Ramadhani nzima. Nimeokolewa koo, saumu na msikiti, na aliyeniokoa ni mtu niliyemfundisha adabu siku mbili kabla.

Nawaomba msinicheke. Mkishindwa, basi chekeni mmefumba mdomo, maana kicheko kipana huingiza nzi, na nzi wa mfungaji naye ana mas-ala yake.